Kabla Hujanunua Noah, Hiace au Kirikuu ya 4WD: Somo kwa Wauzaji wa Mtandaoni wa Bahi



Swali linalorudi sana kutoka kwa wauzaji wa Bahi ni hili: "Admin, hela ya gari nimeshakusanya. Nichukue ya 4WD au ya kawaida?"

Anayeuliza anauza mchele, karanga, samaki wakavu, vitenge au vyombo kupitia WhatsApp na Facebook. Mzigo wake unatoka kijijini kwenda Dodoma mjini, au unatoka mjini kwenda kijijini. Na njia anaijua mwenyewe: ukiiacha lami ya Dodoma–Manyoni, kuanzia Januari mpaka Machi ule udongo wa mbuga unang'ang'ania tairi kama ugali mkononi.

Mtaani atajibiwa haraka: "Chukua 4WD mzee, unapita popote." Sisi tunasema taratibu. 4WD inakusaidia siku za tope, lakini unailipia siku zote 365. Kama siku zako za tope ni chache, umenunua hasara ya kutembea nayo. Kama ni nyingi, gari ya kawaida ndiyo itakayokutia hasara. Kinachoamua ni daftari lako. Basi chukua kalamu, twende hatua kwa hatua.

1. JUA KWANZA HIZI GARI ZILITENGENEZWA KWA AJILI YA NINI

Van nyingi za 4WD tunazoletewa kutoka Japan hazikununuliwa na Mjapani kwa ajili ya tope. Alinunua kwa ajili ya theluji. Kaskazini mwa Japan, mfano Hokkaido na mikoa ya Tohoku, barabara za lami zinafunikwa na barafu kila majira ya baridi. Gari inayosukuma kwa magurudumu yote manne inasaidia isiteleze. Ndiyo maana ukiweka Noah ya 4WD na ya kawaida pamoja, urefu kutoka ardhini unakaribiana sana.

Hapa kuna mambo mawili ya kukumbuka mpaka mwisho wa somo.

La kwanza: Noah na Hiace nyingi za 4WD zinazokuja hazina ile gia nzito ya kujinasulia kama Land Cruiser. Kwenye utelezi zinasaidia vizuri. Lakini tumbo la gari likishalala kwenye tope, magurudumu manne yatazunguka bure kama yanavyozunguka mawili. Mitsubishi Delica ni tofauti kidogo, ile Space Gear ya 4WD ina leva yenye gia nzito na imeinuka, ila ni nzito na lazima uulize spea kwanza kabla hujaipenda.

La pili: kwenye barabara za theluji wanamwaga chumvi ili kuyeyusha barafu. Chumvi inarukia chini ya gari na kula chuma. Kwa hiyo gari ya 4WD iliyotumika Japan ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kutu chini kuliko mwenzake wa kawaida aliyetumika sehemu za joto. Juu inang'aa, chini imeoza. Tutarudi hapa kwenye ukaguzi.

2. HESABU YA KWANZA: JE, UNAHITAJI GARI YAKO KABISA?

Kabla ya kuchagua aina, jiulize kama kukodi hakukufai. Namba ninazotumia hapa ni za mfano tu, wewe weka zako.

Tuseme unapeleka mchele Dodoma mjini. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 120. Noah ya kawaida tuseme inakwenda kilomita 10 kwa lita, hivyo unatumia lita 12. Lita tuseme ni sh 3,000. Mafuta ya safari moja ni sh 36,000.

Gari umenunua milioni 14, na baada ya miaka 4 utaiuza milioni 9. Umepoteza milioni 5, sawa na sh 1,250,000 kwa mwaka. Bima, tairi, servisi na fundi tuseme sh 2,400,000 kwa mwaka. Jumla ni sh 3,650,000 kwa mwaka. Hiyo unailipa gari ikitembea au ikilala.

Sasa tuseme kukodi kirikuu kwa safari hiyohiyo ni sh 80,000. Gari yako inakuokolea 80,000 kutoa 36,000, yaani sh 44,000 kila safari. Gawanya 3,650,000 kwa 44,000. Unapata kama 83.

Maana yake: ukifanya chini ya safari 83 kwa mwaka, yaani kama 7 kwa mwezi, kukodi ni nafuu kuliko kumiliki. Ukifanya 12 kwa mwezi, gari yako inakulipa vizuri.

Wauzaji wengi wa mtandaoni wanasahau hili kwa sababu oda huja kwa makundi. Mwezi wa mavuno simu haipumziki, halafu miezi mitatu kimya. Hesabu safari za mwaka mzima, usihesabu za mwezi mmoja mzuri.

Na kama mzigo wako ni mdogo, mfano maboksi mawili ya vitenge, basi la abiria kutoka stendi na bodaboda ya kumalizia vitaendelea kuishinda gari yoyote. Mteja wa Facebook anachotaka ni mzigo ufike salama na kwa wakati. Hana haja ya kujua umefika na nini.

3. HESABU YA PILI: JE, HIYO GARI IWE 4WD?

Tuchukulie umeshapita hesabu ya kwanza, unafanya safari 144 kwa mwaka. Sasa linganisha Noah mbili zinazofanana, moja ya kawaida na moja 4WD.

- Mafuta: 4WD ina uzito zaidi na vyuma vingi vya kuzungusha. Tuseme inakwenda kilomita 8 kwa lita. Safari ya kilomita 120 inakula lita 15 badala ya 12. Zimezidi lita 3, sawa na sh 9,000. Mara 144 ni sh 1,296,000 kwa mwaka.
- Bei ya kununua: tuseme imezidi milioni 2. Gawa kwa miaka 4, ni sh 500,000 kwa mwaka.
- Jumla ya gharama ya kuwa na 4WD: sh 1,796,000 kwa mwaka.

Hapo bado hujahesabu oili ya difu ya ziada, wala tairi. Tutaona kwa nini tairi za 4WD ni ishu.

Sasa upande wa pili. Siku ambayo gari ya kawaida haiwezi kuingia kijijini, utafanyaje? Utaiacha kwenye barabara nzuri, utakodi trekta, mkokoteni au bodaboda kuleta mzigo mpaka ilipo gari. Tuseme inakugharimu sh 40,000 kwa siku hiyo. Gawanya 1,796,000 kwa 40,000. Jibu ni kama 45.

Kwa hiyo kwa mfano huu, 4WD inakulipa kama una safari 45 au zaidi kwa mwaka ambazo gari ya kawaida ingekwama. Zikiwa 20, nunua ya kawaida na uweke akiba ya trekta.

Kanuni yenyewe ni hii, iandike:

Gharama ya ziada ya 4WD kwa mwaka ÷ gharama ya siku moja ya kukwama = idadi ya siku za tope unazohitaji.

Kwetu Bahi mvua ni msimu mmoja, kuanzia kama Desemba mpaka Aprili. Muuzaji aliye Bahi mjini, anayechukua mchele kwa wakala aliye kando ya lami, hana siku 45 za tope. Muuzaji anayefuata mzigo mwenyewe ndani kabisa kwenye mashamba ya mpunga au vijiji vya kando ya bwawa la Bahi anaweza kuwa nazo na zaidi. Lakini angalia na hili: mpunga mwingi unavunwa mvua zikiwa zinaisha au zimeisha. Msimu wako wa mizigo na msimu wa tope si lazima viwe kitu kimoja. Fungua daftari la mwaka jana uone.

Na usisahau dawa ya bei chee. Tairi nzuri zenye meno, jembe, kamba imara, mbao mbili, na subira ya kuacha jua liwake kidogo baada ya mvua. Gari ya kawaida yenye tairi zenye meno inaweza kuishinda 4WD yenye tairi za lami zilizoisha.

4. GARI IPI KWA MZIGO GANI

Suzuki Every, Daihatsu Hijet na ndugu zao kirikuu: Japan zinawekwa kwenye kundi la gari ndogo zisizozidi cc 660, na mzigo wake wa kisheria huko hauzidi kilo 350. Hiyo ni magunia matatu na nusu ya kilo 100. Ukiona mtu amepakia kumi, jua anakula gia boksi na springi zake polepole. Zinafaa kwa vyombo, nguo, oda ndogondogo za mjini. Nyingi za 4WD zina kitufe au leva ya kuwasha. Ukiwasha, tumia kwenye tope au mchanga tu. Ukikausha lami ukiwa umewasha, unavunja vyuma vya ndani.

Noah na Voxy: ni gari ya abiria. Ukitoa viti vya nyuma unapata nafasi nzuri, lakini springi zake zilipangiwa watu wanane na mabegi, hazikupangiwa tani ya mchele. Zinafaa kwa anayechanganya familia na biashara.

Angalia injini pia. Noah iliyoanza 2001, ile ya AZR60 na AZR65, ina injini ya D-4 inayopiga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Inataka petroli safi. Kama utakuwa unajaza mafuta ya chupa huko kijijini, utamzoea fundi. Noah ya zamani ya SR40 na SR50 yenye injini ya 3S ni mvumilivu zaidi, ila inatumia mkanda wa taimingi. Uliza ulibadilishwa lini. Kama muuzaji hajui, weka kwenye bajeti uubadilishe siku ya kwanza.

Hiace: ndiyo ya mizigo hasa. Ile ya mizigo inabeba kama tani moja. Bei yake iko juu na hata ukija kuiuza inashika bei. Kwa anayepeleka magunia kumi kila safari, hii ndiyo saizi yake.

5. KUIKAGUA: USIAMINI MAANDISHI YA MLANGONI

Stika ya "4WD" inauzwa dukani. Hakikisha hivi:

Soma namba ya chesisi. Kwa Noah na Voxy herufi za mwanzo zinasema ukweli:
- SR40 ni ya kawaida, SR50 ni 4WD.
- AZR60 ni ya kawaida, AZR65 ni 4WD.
- ZRR70 ni ya kawaida, ZRR75 ni 4WD.

Kwa Hijet, S320V ni ya kawaida, S330V ni 4WD. Kwa Every usitegemee namba, kwa mfano DA64V ipo ya aina zote mbili. Ingia chini uangalie.

Ingia chini kweli. Kwa Noah za AZR na ZRR, ya kawaida inavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo ya 4WD lazima uone propela shafti inayokwenda mpaka difu ya nyuma. Kwa Hiace na Noah za SR, zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, ya 4WD lazima uone shafti zinazokwenda magurudumu ya mbele. Wapo wenye gari wanaotoa propela shafti ili kupunguza ulaji wa mafuta. Unauziwa 4WD ya namba, huku gari inavuta kwa magurudumu mawili.

Pima tairi zote nne. Ziwe saizi moja, na ziwe zimelika sawasawa. Hiace na Noah za 4WD ya muda wote hazipendi tairi mbili mpya na mbili zilizoisha. Magurudumu yakizunguka kwa kasi tofauti, kile kifaa kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma kinachemka na kufa. Ndiyo maana nilisema tairi ni ishu: mara nyingi unabadilisha zote nne kwa pamoja.

Kata kona kali polepole kwenye ardhi ngumu, usukani ukiwa umekunjwa mpaka mwisho, kushoto kisha kulia. Ukisikia "ka-ka-ka" mbele, shafti zimechoka. Ukihisi gari inajizuia kama imeshikwa breki, kuna tatizo kwenye mfumo wa 4WD.

Tafuta kutu. Gonga chesisi kwa bisibisi, hasa sehemu springi zinaposhika, juu ya magurudumu ya nyuma na mabomba ya breki. Kutu ya juujuu si kesi. Chuma kinachobonyea au kumeguka ni kesi. Na rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari kuukuu iwe swali: inaficha nini?

Mlipe fundi wako mwenyewe. Asiwe wa dalali wala wa muuzaji. Hiyo sh 50,000 ya fundi ndiyo bima ya bei rahisi kuliko zote.

6. KUAGIZA JAPAN AU KUNUNUA HAPA?

Ukiagiza, unapata gari ambayo haijatembea barabara zetu, lakini unalipa kwanza na kusubiri wiki kadhaa. Hakikisha haya:

Omba karatasi ya mnada. Magari mengi ya Japan yanapita mnadani na mkaguzi wa pale anaandika hali yake. Namba kama 4 ni nzuri, 3 au 3.5 ni ya kuangalia vizuri, R au RA ina maana iliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mchubuko, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, S ni kutu, C ni chuma kilichoanza kuliwa. Kwa 4WD, zitafute S na C kwanza. Halafu omba picha za chini ya gari. Muuzaji anayekataa picha za chini ameshakujibu.

Jua bei unayoambiwa ni ipi. FOB ni bei ya gari ikiwa bandarini Japan. CIF imeongezwa nauli ya meli na bima mpaka Dar es Salaam. Gari inayoonekana rahisi sana mara nyingi ni FOB.

Kodi usikisie. TRA wana kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yao. Unaweka aina, mwaka na injini, kinakupa jumla. Ndani yake kuna ushuru wa forodha wa 25%, VAT ya 18%, ushuru wa bidhaa unaotegemea cc, na ada nyingine. Gari ya abiria yenye miaka 8 au zaidi inaongezewa ushuru kwa sababu ya umri. Na TRA wana thamani yao ya gari. Ukipata punguzo Japan, kodi haipungui kwa sababu hiyo. Viwango vinaweza kubadilika kila bajeti mpya inapoanza Julai 1, kwa hiyo piga hesabu wakati uleule unaponunua.

Ongeza gharama za bandari, wakala wa forodha, ukaguzi wa TBS, usajili na bima. Gari ikikaa bandarini kupita siku zilizoruhusiwa, unalipishwa ya kuhifadhi. Usiagize gari ukiwa na hela ya gari tu bila ya kuitoa.

Jihadhari na matapeli. Wewe unauza mtandaoni, unajua ilivyo rahisi kutengeneza ukurasa wenye picha kali. Hela ya gari la Japan inalipwa benki kwenda akaunti ya kampuni, kwa ankara yenye namba ya chesisi. Akikwambia tuma kwenye namba ya simu ya mtu, kimbia. Angalia pia kama kampuni ni mwanachama wa JUMVEA, chama cha wauza magari yaliyotumika wa Japan. Orodha yao iko wazi.

7. GARI YA MKONONI: MAKARATASI KABLA YA UFUNGUO

- Kadi ya gari: jina liwe la anayekuuzia, namba ya chesisi na ya injini zilingane na gari yenyewe.
- Deni la benki: kama kadi halisi "ipo mahali", usitoe hata mia.
- Faini za barabarani: angalia kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi. Na madeni ya maegesho ya TARURA.
- Bima: hakiki stika kwenye mfumo wa TIRA.
- Mkataba wa mauziano, mashahidi, na uhamishe umiliki TRA mara moja. Usiseme nitahamisha baadaye. Muuzaji akipotea, kazi ni yako.

Ukipanga kubeba mizigo ya watu kwa malipo ili gari isilale, pata leseni ya LATRA na mwambie wa bima ukweli wa matumizi. Bima iliyokatwa kama ya matembezi inaweza kukukataa siku ya ajali ukiwa na mzigo wa kulipiwa.

KAZI YA KUFANYA LEO

Chukua daftari la mauzo la miezi 12. Andika mistari mitatu:
1. Safari zote za mwaka.
2. Safari zilizoingia kwenye tope kweli, siyo zile unazohofia.
3. Kilo za mzigo wa kawaida kwa safari moja.

Mstari wa kwanza utakwambia kama unahitaji gari. Wa pili utakwambia kama iwe 4WD. Wa tatu utakwambia kama ni kirikuu, Noah au Hiace. Mtaji wa miaka mitano usiuamue kwa maneno ya dalali wa dakika tano.

Ukishapata namba zako, ziweke kwenye komenti bila kutaja jina la mtu wala simu yako, tuzipige hesabu pamoja. Na kama una mwenzako yuko njiani kwenda yadi kesho asubuhi, mtumie hili somo usiku huuhuu.

Biashara njema.